Maganda ya Bunduki Isiyokuwepo

Baba yangu alikuwa na milio miwili ya nyundo. Mmoja ulikuwa mzito, wa kupigilia misumari, wa mzee yeyote anayekaa kwa binti yake na hataki kuonekana anakula bure. Mlio huo sikuwa na neno nao. Wa pili ulikuwa mdogo na mkavu, tik-tik-tik, kisha kimya, kisha tena tik-tik. Huo ndio uliokuwa ukinitoa roho. Nikiusikia niliacha chochote nilichoshika na kwenda dirishani kutazama njia, kana kwamba kutazama njia kungemzuia mtu kupita.

Nyumba yetu hapa Butembo ni ya mbao. Upande wa pili wa ukuta anakaa jirani yangu, mama muuza mandazi, mwenye moyo mzuri na masikio mazuri zaidi. Siku moja aliniuliza penye bomba la maji, mbele ya watu:

"Mama, papa yako iko nagonga nini kila siku? Ni fundi ya saa?"

Nilishika lile neno kama mtu anayetupiwa kamba.

"Ndiyo," nikasema. "Ni fundi ya saa."

Kesho yake akaniletea saa yake ya ukutani iliyokufa tangu enzi. Baba aliitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Yeye ni shemasi wa kanisa. Uongo haumtoki, hata ule mdogo wa kumfukuzia mgeni mlangoni. Lakini kwa kuwa saa ilikwisha kuingia ndani na jirani alikuwa amesimama pale anacheka kwa furaha, aliipokea. Akaifungua, akaweka vyuma vyake katika beseni, na humo vikakaa.

Alichokuwa akigonga hasa ni maganda ya risasi. Askari akifyatua bunduki, ganda la shaba linaruka pembeni na kubaki chini. Baba aliyaokota hayo. Alilipasha ganda moto wa makaa upande wa mdomo mpaka rangi yake igeuke, akalitia majini, akalipaka sabuni, akalisukuma ndani ya kalibu, yaani kipande cha chuma kizito chenye tundu, kilichobanwa kwenye letau, kile kibanio cha mafundi wa chuma, ukingoni mwa meza. Ganda liliingia likiwa na umbo la bunduki ya askari, likatoka na shingo nyingine na mabega mengine. Kisha tik-tik-tik kulitoa, kisha tupa ya kulikata urefu. Lilikuwa sasa ganda la bunduki ya zamani ya kuwindia, ya aina ambayo risasi zake haziuzwi tena popote.

Na hapa ndipo damu inaponichemka mpaka leo: bunduki yenyewe hakuwa nayo.

Ilikuwa ya babu. Aliipata kwa mzungu mmoja mwenye shamba, akaitumia kulinda mimea, na baba akairithi pamoja na kibali chake. Shamba letu liko upande wa Kamango, chini kule kwenye joto, karibu na mpaka wa Uganda. Ni shamba la kakao, na nyani wanaipenda kakao kuliko sisi. Nyani akiingia hali tunda moja akashiba. Anavunja, anaonja, anatupa, anavunja jingine. Mlio mmoja wa bunduki ulikuwa unawatuliza kwa wiki nzima. Risasi za aina ile zilipoanza kuadimika, babu akajifunza kuyageuza maganda ya jeshi, akachonga kalibu kutoka ekseli ya lori lililokufa barabarani, na kazi ikamfikia baba kama wengine wanavyorithi kazi ya kusuka vikapu.

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa kabla vita havijatufikia. Alizikwa katikati ya kakao, mahali alipopenda kukaa kuzivunja. Mwaka uliofuata watu wenye mapanga walifika kijiji cha jirani, na sisi tukakimbia. Baba alibeba bunduki, kalibu na Biblia. Godoro aliliacha. Tulipofika Beni, nyumbani kwa kaka yangu, ikatangazwa kwamba raia wote warudishe silaha kwa wakubwa. Wengine walizifukia. Baba alivaa koti lake la Jumapili akaipeleka ya kwake mchana kweupe. Waliipokea, wakamwambia ataipata nchi ikitulia. Aliamini. Ila kabla ya kuipeleka alichonga kipande cha mti, akakiingiza mahali risasi inapokaa, akakipunguza na kukipunguza mpaka kikaenea sawasawa. Mtu mwingine angepiga picha. Baba alichukua kipimo, na tangu siku hiyo kila ganda alilotengeneza alililinganisha na mti ule.

Nyumba ya kaka ilipojaa wakimbizi wengine wa ukoo, baba akaja kwangu Butembo, nilikokuwa nimetangulia na mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Kasindi, mpakani, akija nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo nyumba ni mimi, watoto wangu wawili, vitenge vyangu ninavyouza sokoni, na baba. Nilifurahi kuwa naye. Ninasema hivyo kwanza, maana haya yanayofuata yataonyesha kama sikufurahi.

Siku za mwanzo nilimwambia: "Papa, nyuma ya nyumba kuko nafasi. Upande hata maharagi."

"Hapana," akasema. "Nikipanda hapa, nani atavuna? Mie nitakuwa nimesharudi."

Nikadhani ni maneno ya mgeni. Lakini mwaka ukapita, ukapita na mwingine, na kile kiwanja kikabaki udongo mtupu, katika mji ambao watu wanapanda viazi mpaka kwenye mtaro wa barabara. Mwanangu mdogo aliotesha mbegu ya avoka katika kopo la maziwa ya unga. Mche ukatoka, ukakua, mizizi ikaanza kuchungulia kwenye matundu ya chini. Nikamwomba baba auhamishie ardhini.

"Peleka kwa kanisa," akasema. "Kanisa haihame."

Mche ukabaki mlangoni, kwenye kopo, ukinyauka na kufufuka kila nilipokumbuka kuumwagia maji ya kuoshea mchele. Na yeye akaendelea kugonga.

Sasa, msomaji asiyejua huku kwetu anaweza kusema: mzee na vibati vyake, mwache acheze. Lakini tangu wanajeshi washike utawala wa mkoa, ganda la risasi ndani ya nyumba si kibati. Kwenye sehemu ya chini lina alama za kiwandani, na mtu wa upelelezi anazisoma vizuri. Ataanza: hii uliipata wapi, unampa nani, uko na watu gani porini? Mtu wa mtaa wetu alikamatwa kwa sababu ya begi la askari alilookota shambani akabebea mihogo. Mpaka akarudi nyumbani, mihogo ilikuwa imeoza. Mimi nikikamatwa watoto wanabaki na nani? Na baba, kifua chake kile, atalala usiku mmoja tu kwenye sakafu ya saruji ya Butembo, baridi hii, tutamzika. Hilo ndilo nililokuwa nalibeba kila nilipousikia mlio ule. Nilikuwa nauza kitenge, napima yadi, mteja ananiambia umekosea, narudia kupima, nakosea tena.

Nilimwambia mara nyingi. Mara moja nilisema kwa ukali, na watoto wanasikia:

"Papa, bunduki haiko. Baruti haiko. Risasi yenyewe haiko. Sasa kuko nini?"

Alilipuliza ganda alilokuwa nalo, akalilaza ubavuni mwa kile kipande cha mti, akalizungusha. Lililingana sawa.

"Kuko mahali pa kuanzia," akasema. "Siku batasema turudi, nyani haitatungojea. Wengine batafika kule na mikono mitupu. Mie nitakuwa na maganda yangu tayari."

"Na siku hiyo ni lini?"

"Weye unauliza mie? Uliza Mungu."

Mtu akikwambia umuulize Mungu, mazungumzo yameisha.

Kwa nini sikuitupa kalibu mimi mwenyewe? Nilijaribu. Jumapili moja nilisingizia kichwa kinauma, wao wakaenda kanisani. Niliifungua kutoka kwenye letau, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye choo chetu cha shimo. Nikasimama pale. Imelainika kwa mikono ya babu na ya baba, na upande mmoja kuna mkwaruzo niliouweka mimi nikiwa mtoto, nilipoipiga na jiwe nione kama italia. Nikaona kwamba nikiiachia tu, nitakuwa nimemwambia baba kitu ambacho ulimi wangu haukuwahi kuthubutu: hutarudi. Hutakaa tena penye kaburi la mama. Utafia hapa, kwenye baridi, nyuma ya ukuta wa mama muuza mandazi. Nikairudisha mahali pake, na kwa hasira nikaibana letau kwa nguvu mpaka jioni akauliza nani ameigusa.

Halafu shangazi yangu akafa Beni, tukaenda kumzika.

Mazishi yalikwenda vizuri, kama mazishi yanavyoweza kwenda vizuri. Baba alipotea asubuhi ya siku ya kurudi, akasema anaenda kusalimia mashemasi wenzake. Alirudi ameshika chupa yake ya chai, ile ya buluu ya kuhifadhi moto, akaipakata kwenye taksi. Nikasema niiweke kwenye kapu. Akakataa. Sikufikiri lolote, wazee na vitu vyao.

Kwenye bariera, kizuizi cha askari barabarani, tulishuka wote, kama kawaida, tupite kwa miguu na mizigo wazi. Askari aliyekuwa anakagua alikuwa kijana wa mbali, wa magharibi kule, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala, na uso wake umechoka. Alipekua vitenge vyangu, akapekua kapu. Kisha akaona chupa.

"Papa, tia chai kidogo. Baridi iko mingi."

"Chai haiko ndani, mwana wangu," baba akasema.

Kijana akaichukua, akaitikisa. Ikalia ndani, chakacha-chakacha. Akaitikisa tena, akaanza kukunja uso. Mimi nikasikia aibu kwa ajili ya baba, mzee mzima anatembea na chupa mbovu.

"Kioo imepasuka, chef," nikasema huku nacheka. "Papa hapendi kutupa kitu. Nitamununulia ingine."

Askari naye akacheka, akasema baba yake yuko vilevile, akamrudishia. Tukapita. Tulipokaa tena kwenye taksi nilinyoosha mkono niitupe dirishani ile takataka. Baba akaishika kwa mikono miwili. Tukatazamana. Nikaivuta, nikafungua kifuniko kidogo tu.

Kioo hakikuwemo kabisa. Alikuwa amekitoa. Ndani yalijaa maganda, yamelazwa pamoja na vipande vya gazeti.

Nilifunga. Sikusema neno mpaka Butembo, kwa sababu dereva alikuwa na masikio na abiria wengine pia, lakini miguu yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mwanamke aliyekaa karibu aliniuliza kama nina malaria. Nikamjibu ndiyo. Siku hiyo nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu. Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba yeye alisema kweli tupu, chai haiko ndani, na uongo wote mbele ya bunduki ya askari niliusema mimi, bila kujua, huku nacheka.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka ukuta, nikaanza kunong'ona, na kumgombeza baba yako kwa kunong'ona ni kazi ngumu.

"Papa, wangefungua ile chupa, leo tungekuwa wapi?"

"Hawakufungua."

"Lakini wangefungua! Batoto wangu wangebaki na nani? Na bale majirani?" Nikaonyesha ukuta.

Alikuwa amekaa kitandani na koti lake la mazishi, chupa katikati ya magoti.

"Chagua, Papa," nikasema. "Kalibu ao bajukuu bako. Vyote viwili, mu nyumba hii, haiwezekane tena."

Nilingoja akasirike, angekasirika ningepumua. Hakukasirika. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtu kazi:

"Shaba inachoka. Ukiibana, ukiibana, bila kuirudisha ku moto, shingo inapasuka. Hauioni mbele. Inapasuka tu."

Sikujua kama anasema juu ya shaba, juu yangu au juu yake. Nilikuwa na hasira mno kuuliza. Nikatoka kwenda kupika.

Kuanzia siku hiyo mlio ukakoma. Ungedhani nilitulia. Wapi! Kimya kilinisumbua kuliko nyundo. Nyundo ilikuwa inaniambia yuko wapi na anafanya nini. Kimya hakikuniambia kitu. Nilirudi sokoni mapema bila sababu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, mikono juu ya magoti, anatazama kile kiwanja kitupu. Nilimuuliza kama anaumwa. Hapana. Kama ana njaa. Hapana. Jirani naye akaniuliza saa yake itapona lini, maana siku hizi hasikii fundi akifanya kazi. Nikamwambia vipuri vimekosekana.

Asubuhi moja, nikiwa nawafunga watoto viatu vya shule, jirani akagonga ukuta kwa kiganja.

"Mama! Bouclage! Basoda bamezunguka quartier yote! Banaingia nyumba kwa nyumba!"

Nilimwacha mtoto na kiatu kimoja. Nikakimbilia pembe anapolala baba, nikavuta sanduku la bati chini ya kitanda, pale maganda yanapokaa. Tupu. Nikatazama letau. Imefunguliwa, kalibu haimo. Chupa ya buluu haikuwepo pia. Nikaamini: ameficha. Mahali pengine, ndani ya nyumba hii hii, mahali ambapo mimi sijui na askari atapajua. Nikapekua chini ya godoro, kwenye gunia la makaa, nyuma ya vitenge. Nikamwita. Hakuitika. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika jembe langu, amesimama kando ya shimo.

Shimo jipya. Udongo wake mweusi umelundikwa pembeni, ungali na unyevu.

"Papa," nikasema. "Usiniambie."

Hakupata nafasi ya kuniambia. Walikuwa wamekwisha kuingia, askari wawili. Mmoja alibaki mlangoni. Mwingine, mtu mzima, mpole kwa namna inayotisha, alianza na chumba cha watoto. Alifika kwenye meza ya baba. Akaishika letau, akaizungusha mkono wake. Akaokota tupa, akapitisha kidole, akakitazama kidole kwenye mwanga. Kilikuwa na vumbi la njano.

"Huyu mzee anafanyaka nini?"

Baba akafungua mdomo. Namjua baba yangu. Ukimuuliza juu ya kazi yake atakueleza tangu lori lilipokufa barabarani. Nikaona maneno yanakuja, moja moja, safi, ya kweli, na yanatupeleka sote gerezani.

"Ni fundi ya saa!" jirani akapaza sauti kutoka mlangoni kwake, kwa uchungu wa kweli. "Chef, umuulize saa yangu! Iko ndani tangu mwaka jana, hajaimaliza!"

Askari akageuka, akaona beseni. Magurudumu madogo ya njano, springi, mishale. Aliyakoroga kwa kidole. Akamtazama baba kwa macho ya mtu ambaye naye aliwahi kucheleweshewa kitu na fundi.

"Mzee, mwaka mzima?"

"Haikubali kupona," baba akasema, na hiyo pia ilikuwa kweli.

Nilikuwa karibu kuanza kupumua alipotoka nyuma na kuliona shimo.

"Libulu oyo, ya nini? Shimo hii?"

"Ya muti," baba akasema.

"Muti gani?"

Baba akazunguka nyumba akatoweka. Askari akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu. Kisha askari akachomoa fimbo ya chuma waliyokuwa wakichokolea ardhi, akaishusha ndani ya shimo, akachoma. Akachoma pembeni. Akachoma lile lundo la udongo. Kila alipochoma nilingoja mlio, shaba juu ya chuma, nao ni mlio ninaoujua kuliko mtu yeyote katika mji huu. Fimbo iliingia kwenye udongo na kutoka na udongo. Baba akarudi na kopo la maziwa, mche wa avoka ndani yake, majani yamesinyaa.

Askari aliutazama mche. "Na huu utapona?"

"Huu, ndiyo," baba akasema.

Wakaondoka. Tuliwasikia wakiingia kwa jirani, naye akiwaeleza upya habari za saa yake.

Nilimshika baba mkono.

"Iko wapi? Papa, iko wapi? Umeificha wapi?"

"Ku choo."

"Yote?"

"Yote. Maganda, na kalibu, na kile kipimo ya muti. Jana, weye ulikuwa ku soko." Alisema kama mtu anayetaja alichokula. "Ulisema nichague."

Nilikuwa nimekiomba kitu hicho kwa miaka. Nilikiomba kwa maneno, nilikiomba kwa kununa, nilikiomba mbele za Mungu. Sasa nilikuwa nimepewa, na sikujua nikiweke wapi. Maana nilimwelewa hapo hapo, bila kuelezwa. Hakuwa amechagua tu wajukuu. Alikuwa ameacha kungoja. Mtu aliyekataa kupanda hata maharagwe, yanayovunwa baada ya miezi mitatu, alikuwa amechimba shimo la avoka.

Nilianza kulia kwa hasira, hasira ileile niliyoizoea, ila sasa haikuwa na pa kwenda.

"Tutaitoa," nikasema. "Kalibu ni chuma, haiozi. Nitatafuta ndoano na kamba. Nitaiosha mie mwenyewe."

Akacheka. Kicheko kidogo, cha pua, lakini alicheka. "Ukiitoa utanuka mpaka Kasindi, bwana yako akatae kurudi."

"Papa, sisemi mchezo."

"Na mie sisemi mchezo. Shika muti."

Aliupasua mkebe kwa kisu, mizizi ikaachia, imejizungusha ndani mule kwa kukosa nafasi. Aliifungua kwa vidole vyake, mmoja mmoja, vidole vile vya kazi, bado na rangi ya njano kwenye kucha. Akaushusha mche shimoni. Nikapiga magoti, nikaushika shina.

"Inazaa kiisha myaka ngapi?" nikauliza, ingawa najua. Kila mtu hapa anajua.

"Tano. Sita, kama udongo ni mubaya." Aliusukumia udongo kwa jembe taratibu. "Shika sawa, usiiache ilale."

Nikashika sawa. Mtoto wangu alikuja na kiatu chake kimoja, akasimama kuangalia mche wake. Baba akaendelea kufukia, akakanyaga pembeni kwa kisigino, na aliposema hakunitazama mimi, alitazama pale anapokanyaga.

"Mama yako atabaki peke yake kule," akasema.

Niliendelea kulishika lile shina ingawa udongo ulikuwa umekwisha kulishika wenyewe.

"Sasa achilia, mama," akasema. "Leta maji."